Mshenga Aliyeuza Koki Mbovu

"Odero, samaki wote wamekuja juu ya maji! Wanatafuta hewa kwa midomo. Hii koki yako imeachilia gesi tena!"

"Umeifunga?"

"Nimeifunga mpaka mwisho. Haifungi!"

"Drusi, tulia. Pengine umeizungusha kupita kiasi."

Drusilla aliitupa simu kwenye kochi, spika ikiwa wazi. Akaufunga mtungi wenyewe wa gesi kule juu, kisha akachota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina tena humo humo kutoka juu, mara nyingi, ili yabebe hewa. Sketi yake ya kazini ililowa. Samaki wake wadogo wenye mstari wa buluu walikuwa wakilala ubavu, mmoja baada ya mwingine.

"Drusi? Bado uko hapo?"

"Niko. Niache niokoe walio hai."

Akakata simu.

Wenzake pale Mwembe, mjini Kisii, walitundika televisheni ukutani. Drusilla yeye aliweka bustani ndani ya maji: nyasi fupi zilizotandaa kama uwanja, majani mekundu, na mawe aliyookota mwenyewe mtoni. Mimea hiyo ya majini hustawi ikipewa gesi ya kaboni dioksaidi, lakini kidogo kidogo, kiputo kikifuata kiputo ndani ya kichupa cha kioo. Ikizidi, samaki hukosa pumzi.

Odero alijua jinsi mchumba wake alivyoutamani mtambo wa kutoa gesi hiyo. Akamnunulia mtungi na koki ya shaba ya kupimia gesi, vyote vipya ndani ya boksi, kutoka dukani kwa binamu yake Ochanda. Na Ochanda hakuwa binamu tu. Ndiye aliyewakutanisha wawili hao, na ndiye mshenga ambaye Jumapili ile angeongoza watu wa kina Odero hadi Magwagwa kujitambulisha kwa wazazi wa Drusilla.

Jioni Odero alifika kutoka Nyamira, alikofanya kazi katika ofisi ya bima. Alikuja na mkate, maziwa, na uso wa mtu aliyejiandaa kubembeleza. Aliwaona samaki waliokufa, wamepangwa juu ya gazeti.

"Pole sana, mpenzi. Nimeongea na Ochanda."

"Amesemaje?"

Odero alisita, kisha akampa simu asome.

"Omera, ndugu yangu, hiyo kitu ni mpya kabisa, haina shida. Mwambie shemeji aache kuichezea. Mikono ya wanawake haitulii."

Drusilla alisoma. Akasoma tena.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimjibu... sawa."

"Sawa?"

"Nilitaka tu yaishe."

"Odero, mimi kazi yangu ni kupima damu za watu. Nikisema mashine ya maabara inatoa majibu ya uongo, inazimwa hapo hapo na fundi anaitwa. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia mikono yangu haitulii. Nimekwambia koki ni mbovu, wewe ukaenda kumuuliza Ochanda kama nasema kweli!"

"Ochanda ni mshenga wetu, Drusi! Nimwambie leo ameniuzia takataka, Jumapili nisimame mbele ya baba yako na nani?"

"Basi msije."

"Nini?"

"Jumapili msije. Mwanamume asiyeniamini kuhusu koki, siku nikimwambia mtoto anaumwa atampigia nani simu? Ochanda?"

Odero aliinuka. Akauacha mkate mezani, akatoka.

Kesho yake simu ya Drusilla ililia wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa mama yake Odero, Mama Anyiko, kutoka Kendu Bay.

"Mwanangu Drusilla, nasikia kwako kuna msiba wa samaki."

"Mama, nani amekwambia?"

"Huyo mumeo mtarajiwa. Amenipigia sauti imeshuka kama ya mgonjwa. Nikamwambia, huku kwetu ziwani samaki akifa tunaweka maji ya ugali motoni!"

Drusilla alicheka. Kicheko kilipofika katikati kikageuka kilio.

"Ee, unaona? Huyo anayekuliza si samaki. Niambie, mwanangu."

"Mama, hakuniamini. Alimwamini Ochanda."

Mama Anyiko aliguna.

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Nikimwambia paa linavuja, anasema naota. Mpaka jirani aje aseme linavuja, ndipo litavuja."

"Ulifanyaje?"

"Nilihamisha kitanda chake, nikakiweka chini ya tundu."

"Mama!"

"Mvua ya kwanza tu, alipanda juu na nyundo! Sasa nisikilize. Mwite huyo kijana aje alale chini ya tundu lake."

Drusilla alifuta macho na kumwandikia Odero: "Njoo kesho mchana. Utaifunga koki kwa mkono wako na kuifungua kwa mkono wako. Mimi sitaigusa."

Ijumaa Odero aliomba ruhusa kazini, akaja. Samaki waliobaki walikuwa wamehamishiwa kwenye beseni jikoni. Alipiga magoti mbele ya tangi, akafungua mtungi, akarekebisha koki taratibu mpaka viputo vikaanza kupanda kwa mpango mzuri ndani ya kichupa.

"Haya. Inafanya kazi," alisema.

"Sijasema kitu."

Drusilla alikwenda kuketi upande wa pili wa chumba, akaikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Odero akajikuta anatabasamu.

"Kwani ni lazima uikalie?"

"Haitulii, unakumbuka?"

Tabasamu likamfia. Wakakaa. Odero akauliza habari za kazini, akajibiwa kwa neno moja. Akauliza habari za Phanice, shangazi yake Drusilla, akajibiwa kwa maneno mawili. Kisha wote wawili wakasikia maji yakinong'ona.

Ndani ya kichupa viputo vilikuwa vinakimbizana. Baada ya muda havikuwa viputo tena, ulikuwa mchirizi mmoja mweupe. Odero aliruka, akaikaza koki mpaka vidole vikamuuma. Mchirizi haukujali. Kile kipimo kidogo kilichobandikwa kwenye kioo, ambacho hubaki kijani gesi ikiwa ya kiasi, kilianza kufifia na kuwa cha manjano.

"Funga mtungi," Drusilla alisema kutoka pale pale alipoketi.

Odero aliufunga. Akabaki amepiga magoti, mgongo umemwelekea.

"Drusi. Ulikuwa unaniambia kweli."

"Nilikwambia tangu mwanzo. Leo umeambiwa na koki, ndiyo umekubali."

"Nisamehe."

"Umeamini macho yako, Odero. Mimi bado hujaniamini."

Neno hilo lilimwingia. Aliifungua koki kutoka kwenye mtungi, akaifunga ndani ya gazeti, akaitia kwenye begi.

"Unaipeleka wapi?"

"Ilikotoka."

Ochanda alikuwa mlangoni mwa duka lake, karibu na soko la Daraja Mbili, akipanga redio na pasi za umeme.

"Bwana harusi! Suti yangu ya Jumapili imeshapigwa pasi, ninakungoja wewe tu."

"Ochanda, koki ni mbovu. Nimeiona kwa macho. Nimeifunga mwenyewe, haifungi."

"Aah, omera! Umeanza kuongea kama mkeo. Mnaifungua haraka, ndiyo maana. Hata yule wa kwanza alikuja na maneno hayo hayo, nikamwambia..."

Akashika pasi moja, akaanza kuipangusa.

"Wa kwanza yupi?" Odero aliuliza.

"Mteja tu."

"Mteja wa koki ipi?"

"Odero, watu wanatuangalia."

"Hii? Ilirudishwa hapa ikiwa mbovu, ukaitia kwenye boksi, ukanipa mimi kama mpya?"

"Ilikuwa imekaa tu pale! Nilidhani yule jamaa hajui kuitumia. Sasa samaki wa kuchezea watatugombanisha sisi ndugu?"

"Si samaki. Ulimwita Drusilla mwongo. Wewe ulikuwa unajua, na bado ukaniandikia kwamba mikono yake haitulii. Na mimi nikakujibu sawa."

Ochanda aliiweka pasi chini kwa kishindo.

"Sikiliza vizuri. Ukiiacha hiyo koki hapa juu ya kaunta, Jumapili tafuta mshenga mwingine."

Odero aliitazama koki. Akamtazama binamu yake, mtu waliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Kisha akaiweka juu ya kaunta, polepole, akaondoka.

Hakumwambia Drusilla. Alimtumia ujumbe mmoja tu: "Naomba mtupokee Jumapili. Sitakulazimisha chochote." Drusilla alijibu: "Njooni. Wazee wameshajiandaa."

Kina Drusilla ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi hakuna aliyewasha moto wa karamu. Jumapili asubuhi boma la baba yake, Mzee Angwenyi, pale Magwagwa lilinukia kuku na wimbi. Wageni walipoingia, Shangazi Phanice aliwahesabu kupitia dirisha la jikoni.

"Drusi, mbona sioni yule mwenye mdomo?"

"Nani?"

"Mshenga wenu!"

Drusilla alichungulia. Alimwona Odero, Mama Anyiko kwa kilemba cha zambarau, baba mdogo wa Odero na wengine. Ochanda hakuwepo. Posa bila mshenga ni aibu kwa aliyekuja na kwa aliyemngoja.

Sebuleni, baada ya sala, Mzee Angwenyi alikohoa.

"Karibuni sana. Tulitarajia kusikia kutoka kwa mshenga wenu. Yuko wapi?"

Baba mdogo alikuwa na jibu tayari, wamelipanga njiani.

"Mzee wetu, amepatwa na homa ya ghafla. Anaomba radhi sana..."

"Baba mdogo, samahani." Odero alikuwa amesimama.

Chumba kizima kiligeuka. Siku kama hiyo mwoaji hasemi. Hukaa kwenye kona, akaangalia viatu vyake, wengine wakamsemea.

"Kaa chini, Odero," baba mdogo alinong'ona.

"Ochanda hana homa, mzee. Tumekosana. Aliniuzia mtambo mbovu wa tangi la Drusilla, huku anajua ni mbovu. Drusilla aliniambia, nikamtilia shaka. Nilimwamini mshenga kuliko mke ninayemtaka, eti nisiharibu siku ya leo. Kama siku imeharibika, nimeiharibu mimi. Lakini sitaki kuingia nyumba hii kwa uongo mwingine."

Akaketi. Jasho lilikuwa likimtiririka.

Mzee Angwenyi alimgeukia baba mdogo.

"Kwa hiyo mmekuja kwangu bila mshenga."

"Mshenga mimi hapa," Mama Anyiko alisema.

"Mwanamke?"

"Mzee, nimemzaa, nimemlea, makosa yake yote nayajua bila kuambiwa. Mshenga gani atakupa habari kamili kuliko hizo?"

Shangazi Phanice alipasua kicheko kule jikoni mpaka mwiko ukamdondoka. Wazee nao wakashindwa kujizuia, na Mzee Angwenyi akaficha mdomo kwa kiganja.

"Drusilla! Hebu njoo."

Drusilla aliingia, akasimama kando ya baba yake, macho chini, kama desturi ilivyotaka.

"Watu hawa wanasema wanakujua. Wewe unawajua? Tuwape chakula, au tuwasindikize barabarani?"

Hapo ndipo kila kitu huamuliwa. Msichana akisema siwajui, hata kuku akiwa mezani, wageni huchukua kofia zao.

Drusilla aliinua macho. Odero hakumkonyeza, hakumtabasamia. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliye tayari kupokea jibu lolote.

"Mshenga wao nilidhani namjua, baba, kumbe simjui," alisema. "Huyu niliona wiki hii kama simjui. Lakini aliyesimama akasema ukweli hapa sasa hivi, huyo namjua. Wapewe chakula."

Vigelegele vya Shangazi Phanice vilivuka boma, vikaenda mpaka kwa majirani.

Drusilla akaleta jagi na beseni kuwanawisha wageni mikono, akaanza na Odero. Alipoinama mbele yake alisema kwa sauti ya chini:

"Maji yametoka motoni sasa hivi. Yana moto sana."

Odero aliirudisha mikono yake magotini, akatulia.

"Mbona hunawi?" baba mdogo alimuuliza.

"Amesema yana moto."

"Moto gani, kijana? Sioni hata mvuke!" Baba mdogo akakinga vidole chini ya jagi. "Lete hapa. Mimi nime... uwiii!"