WALICHEZEA KILIO CHA DEBRA

Nilikuwa nimeshika sinia la pilau niliposikia sauti yangu ikitoka kwenye spika za harusi.

Si sauti ya kuongea.

Sauti ya kulia!

Kilio changu mwenyewe, kile nilichokilia juu ya kaburi la mtoto wangu... kimewekewa ngoma chini, na watu wanaruka!

"Debra! Debra! De-de-de-Debra!"

Bibi harusi amevua viatu. Wasimamizi wanatingisha viuno. Kijana mmoja mwenye miwani myeusi anapiga kelele, "Huyu Debra lazima ni moto wa kuotea mbali!"

Sinia likanitoka mkononi. Pilau yote nyasini.

"We mathe, uko sawa?" mpishi mwenzangu akaniuliza.

Nikainama, nikaanza kuzoa pilau kwa mikono.

Jameni, tulieni niwaeleze.

Naitwa Achola. Wengi wananiita Mama Debra. Nina miaka hamsini na nane, naishi Kisian, na kazi yangu miaka yote ilikuwa kupikia watu kwenye sherehe zao hapa Kisumu.

Lakini Mungu alinipa kitu kingine. Sauti.

Mtu akifa kwetu, wananiita. Nasimama mbele ya jeneza, namlilia kwa kuimba, namtaja jina, namtaja alivyocheka, hata wanaume wagumu wanatafuta leso. Hakuna aliyewahi kuniita msanii. Nilikuwa tu yule mama anayejua kulia vizuri.

Debra ndiye alikuwa akiniambia, "Mama, wewe ni msanii. Siku moja watu watajua."

Nilikuwa nacheka. Msanii gani anayenuka kitunguu?

Debra wangu alishikwa na ugonjwa wa figo, akaenda haraka. Tulimzika Pap Onditi, nyumbani kwa mume wake, kama desturi yetu ilivyo. Aliacha mtoto mmoja, Akello, msichana mdogo ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajang'oka.

Siku ya mazishi sikupanga kuimba. Ilitoka tu.

"Debra nyathina, Debra mtoto wangu, umenitangulia... mimi sasa nani atanizika?"

Na mume wake, Griffins, alikuwa pale kaburini na simu mkononi, anarekodi. Nilidhani anaweka kumbukumbu ya mke wake.

Kumbe!

Griffins ana studio Kondele. Kesho yake baada ya ile harusi, nilikuwa mlangoni kwake mapema. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Anaponiona anainamisha macho, ananiita Maro, mama mkwe, kwa heshima. Siku hiyo hata hakuondoa miguu mezani.

"Griffins, ile ni sauti yangu."

"Maro, keti kwanza unywe maji."

"Sitaki maji! Ile ni sauti yangu, namlilia mke wako!"

Akatabasamu. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kwenye video kulikuwa na msichana mrembo, Caren, amevaa kaptura fupi, anatingisha mwili ufuoni, mdomo wake unafunguka na kufungika... na inayotoka ni sauti yangu.

"Unaona? Hii ndiyo watu wanataka. Nani atatazama mama mzee analia kwenye udongo?"

"Debra ni mke wako!"

"Alikuwa."

Woi... Neno moja tu. Alikuwa.

Nikashika mlango.

"Toa hiyo kitu, Griffins. Nakuomba kama mama."

Hapo akasimama. Akaja karibu, akaongea polepole kabisa.

"Maro, ukifungua mdomo huko nje, Akello hutamwona tena. Mimi ndiye baba yake. Fikiria vizuri."

Nikafikiria.

Nikanyamaza.

Ngoma ikapigwa mpaka ikachoka. Kwenye boda, kwenye saluni, kwenye simu za watoto wa jirani. Ninakata sukuma wiki, nasikia "De-de-de-Debra." Naingia sokoni, nasikia. Nilikuwa nikiziba masikio kama kichaa. Nilivumilia yote kwa ajili ya mjukuu.

Likizo ilipofika nikaenda Pap Onditi kumwona, maana huko ndiko alikolelewa. Mama yake Griffins alinipokea uani, macho yake hayatulii.

"Akello yuko wapi?"

"Alichukuliwa."

"Na nani?"

"Na baba yake. Hata mimi hajaniambia amempeleka mji gani."

Yaani nilinyamaza, na bado akamchukua!

Nilikaa chini pale uani, na yule mama akakaa kando yangu. Alinishika tu mkono.

Baada ya hapo sikuwa na cha kuogopa, lakini pia sikuwa na nguvu. Nani angenisikiliza? Mathe wa pilau dhidi ya mwenye studio?

Halafu jirani yetu hapa Kisian akafariki, na familia ikaniita kama kawaida. Nilitaka kukataa. Lakini marehemu alikuwa mtu mzuri, alinisaidia sana Debra akiugua. Nikaenda, nikasimama, nikamlilia.

Nilipomaliza, msichana mmoja aliyekuwa na leso nyeusi kichwani akanifuata nyuma ya hema.

"Mama... hiyo sauti..."

Nikamwangalia vizuri.

Alikuwa Caren!

Marehemu alikuwa shangazi yake.

"Hiyo ndiyo sauti ninayofungulia mdomo," akasema. "Griffins aliniambia ni mama mmoja mwigizaji, alilipwa, akakubali."

"Mimi si mwigizaji, mtoto wangu."

"Na Debra ni nani?"

"Ni binti yangu. Ni mke wa Griffins. Yuko chini ya udongo Pap Onditi."

Caren alikaa kwenye nyasi na gauni lake zuri. Akalia mpaka nikawa ni mimi ninayembembeleza.

"Mama, nimecheza juu ya kaburi," alikuwa akisema tu. "Nimecheza juu ya kaburi la mtu."

Jumamosi iliyofuata alikuwa na shoo, mchana, kwenye uwanja mmoja hapa mjini. Alinipigia simu.

"Mama, kuja. Vaa vizuri. Usiniulize."

Nikavaa gauni langu la kanisani, nikasimama nyuma ya stej.

Ngoma ikaanza, vijana wakapiga mayowe. Caren akacheza kidogo. Halafu katikati ya wimbo... akashusha maiki.

Sauti ikaendelea bila yeye!

Watu wakaanza kuzomea. "Feki! Feki! Shuka!"

Chupa ya maji ikampiga begani. Hakushuka. Alisubiri mpaka wakachoka.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ni feki. Hii sauti si yangu. Debra si demu wa klabu. Debra ni mtoto aliyekufa, na hii ni sauti ya mama yake akimzika. Na mama mwenyewe yuko hapa."

Akanivuta mkono mpaka mbele.

Griffins alikuwa kando, kwenye mitambo. Nilimwona uso umebadilika. Akazima maiki. Akazima kila kitu.

Sawa.

Kaburini kuna maiki gani?

Nikafumba macho, nikaimba vile nilivyoimba siku ile. Jina lote. Kilio chote, bila kukatwakatwa. Nilipofungua macho, vijana waliokuwa wanaruka walikuwa wamesimama tu. Kuna mmoja alivua kofia. Wasichana walikuwa wanashikana.

Video za siku hiyo nyinyi wenyewe mliziona, mkazisambaza. Ndivyo nilivyokuwa msanii, nikiwa na nywele nyeupe na magoti yanayouma. Nimerekodi nyimbo zangu mwenyewe, kwa jina langu. Nimeimba Maseno, wanafunzi wakasimama wote. Nimeimba Nairobi. Caren ndiye anayeniitikia, na ana sauti tamu kuliko alivyodhani.

Watu wanasema, "Mama Achola, Mungu amekufuta machozi."

Natabasamu. Lakini ukweli? Baada ya kila shoo, watu wakipiga makofi, nilikuwa naangalia kwenye umati. Natafuta mtoto mdogo.

Griffins alifunga studio, akawatoroka watu waliokuwa wakimtukana. Kabla ya kuondoka alimrudisha Akello kwa bibi yake Pap Onditi kama mzigo.

Na huyo bibi hakuniambia niende kwake. Alikuja mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, nimetoka tu kanisani. Nikasikia hodi. Mama Griffins huyo, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kwa safari, ameshika mkono wa mtoto.

"Griffins ni mwanangu, siwezi kumkana," akasema. "Lakini Debra alinipikia, aliniogesha nikiwa mgonjwa. Sikumlinda. Mtoto wake nitamlinda."

Nikapiga magoti, nikafungua mikono.

"Akello! Nyakwara, mjukuu wangu! Kuja kwa Dani, bibi yako!"

Mtoto akapiga kelele!

Akakimbia nyuma ya sketi ya bibi yake, akaficha uso.

"Akello, ni mimi. Ni Dani yako."

Akachungulia kwa jicho moja.

"Dani... si wewe ulikufa?"

"Nani alisema?"

"Baba. Alisema uliingia kwenye shimo pamoja na mama."

Ndugu zangu, nimeimba kwenye misiba mingi. Msiba huo sikuwa nimeusikia.

Kumbe muda wote ule nikimtafuta, yeye alikuwa akiniomboleza. Peke yake. Bila mtu wa kumwambia pole.

Anakaa kwangu sasa. Hajazoea bado.

Mtu akiniuliza nimejifunza nini, nasema hivi: kipawa hakizeeki, hata ukiwa na mvi kitakupata. Lakini usinunue amani kwa kunyamazia mwovu, maana atachukua ukimya wako na bado atachukua kile ulichokuwa unalinda. Na wewe unayecheza ngoma, uliza kwanza ni nani analia ndani yake.

Ngojeni kidogo. Akello ameamka, amekuja hapa kwenye kiti. Kila asubuhi ananigusa shavu kuona kama lina joto.

Niko, nyakwara.

Gusa tena. Niko.