Fundo Ndani ya Koti la Bwana Harusi

Simu iliwaka mezani Sindano akiwa na pini mdomoni. Alikuwa amepiga magoti akipima pindo la suruali ya harusi, na mwenye suruali, mchumba wake mpiga picha, amesimama juu ya stuli hawezi hata kugeuka. Simu ilikuwa ya mchumba. Ujumbe ukajianika wenyewe:

"Nimekuota. Nipigie ukipata nafasi."

Aliyetuma ni Mwanya, yule aliyekuwa mpenzi wa mpiga picha kabla ya Sindano. Picha yake ilikuwepo pale pembeni, meno nje, anacheka.

"Nani huyo?"

"Mteja."

"Wateja wako siku hizi wanakuota?"

Mpiga picha akashuka kwenye stuli, akavaa suruali yake ya kazi haraka haraka, akasema ana picha za mahafali na watayazungumza baadaye. Sindano alibaki na utepe wa kupimia shingoni. Kama mchumba angesema ukweli, Sindano angemtukana yakaisha, maana jina la Sindano hakupewa kwa kushona, alipewa kwa ulimi. Lakini lile neno "mteja" lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Wivu ukampanda hadi akakata kitambaa pasipo na mstari wa chaki.

Shangazi alikuwa kwenye meza ya pasi na alisikia yote. Ndiye mwenye duka lile la ushonaji, na ndiye aliyemlea Sindano tangu utotoni. Wiki kadhaa alikuwa akimwimbia wimbo mmoja: kuna dawa, ni kidogo tu, ishonwe ndani ya koti la bwana harusi, na mwanaume hatoki tena. Mafundi wenzake wote walishashona. Yule wa cherehani ya dirishani alijisifu kwamba mumewe hata kwa kinyozi haendi bila kuaga.

"Hata wa kanisani wanafanya," Shangazi alisema. "Unadhani wake za wazee wa kanisa wamewashika waume zao kwa pambio?"

"Mimi nimeokoka, Shangazi. Nikishona kitu hicho, Jumapili nitaimba nini?"

"Utaimba ukiwa na mume. La sivyo mwenzio ataimba akiwa na wako."

Duka zima likacheka. Sindano naye akacheka ili asionekane, kisha akaenda chooni akalia.

Siku chache baadaye, akipiga koti pasi, mkono wake ulikutana na kitu kigumu begani. Akaligeuza. Bitana ya ndani ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, na mwisho wa uzi kulikuwa na fundo. Sindano hafungi fundo, yeye hurudisha sindano nyuma kidogo, akakata uzi. Pale dukani anayefunga fundo ni mmoja tu, Shangazi mwenye macho mabovu, na alikuwa anapiga miluzi upande wa pili wa meza ya pasi.

Sindano akashika mkasi. Akauweka. Mimi sikushona, alijiambia. Mungu anaijua mikono iliyoshona. Na Mwanya naye atajijua mwenyewe.

Mpiga picha akaja kulijaribu koti, na makubwa yakaanza. Akawa anapiga simu asubuhi, mchana na jioni. Akaomba msamaha kwa uongo wake: Mwanya alianza kumsumbua tangu asikie habari za harusi, naye aliogopa ulimi wa Sindano. Akamzuia Mwanya kwenye simu, Sindano akiona. Kila alichokuwa akikililia Sindano akakipata, na hapo ndipo usingizi ulipokata.

Kila akiambiwa "nakupenda", alijiuliza anayesema ni nani, mtu au kile cha begani. Akaanza kukionea wivu kipakiti cha dawa kisichozidi kifungo. Afadhali Mwanya, ungeweza kumtukana. Kipakiti utakitukana vipi? Na akipiga magoti kuomba, maneno hayaji. Huyu mwanaume alimwomba kwa Mungu miaka, halafu leo ashukuru nani?

Asubuhi akalitandaza koti mezani mbele ya mafundi wote, akachukua mkasi.

"Ukikitoa hicho," Shangazi alisema taratibu, "harusini siji. Na akirudi kwa Mwanya wake, usije kunililia."

"Wewe ndiye mama yangu. Usipokuja nitalia. Lakini akibaki, nataka nijue amebaki mwenyewe. Siwezi kumpokea kwa Mungu, halafu nikamfunga kwa mwingine."

Akafumua. Kipakiti akakitia kwenye moto wa takataka nyuma ya duka, kisha akampigia mchumba wake na kumwambia yote.

Mpiga picha akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo siku zote hizi ulidhani anayekupenda ni dawa, si mimi?"

"Nilikuwa na wivu."

"Na ulikijua, ukakiacha."

"Nilikiacha. Hilo ndilo ninaloomba unisamehe."

Simu ikakatwa. Hakupiga tena. Ilikuja meseji moja tu, usiku wa kuamkia harusi: "Mpe msimamizi wangu koti. Pale ulipofumua usipashone."

Sindano aliingia kanisani hajui anaolewa au anaaibishwa. Kiti cha Shangazi kilikuwa kitupu. Bwana harusi alikuwepo mbele, amevaa koti, hacheki.

Mchungaji akauliza, "Unamtwaa dada huyu kwa hiari yako, pasipo kushurutishwa na mtu wala kitu?"

Mpiga picha alifungua koti, akaingiza vidole ndani ya bitana iliyoachama, akavitoa vitupu mbele ya macho ya Sindano.

"Kwa hiari yangu mwenyewe."

Bibi harusi akalia hadi poda ikaharibika. Kutoka mlangoni kikasikika kigelegele kimoja, cha sauti anayoijua tangu utotoni.

Nje, kabla ya picha, Shangazi aliwafikia akiwa na sindano na uzi mkononi. Hakuwatazama usoni.

"Bitana inaning'inia, watu watasema duka langu halijui kazi," alisema. "Shona wewe. Mimi macho yangu mabovu."

Sindano akaishona, mumewe akiwa amesimama. Alipofika mwisho akarudisha sindano, akakata uzi.