Ma, Me, Mi, Mo, Mu

Kilichowashangaza kwanza ni feni ya kompyuta. Haikulia.

Asiyezijua kazi hizi ataniuliza, feni isipolia kuna ajabu gani? Basi na asikilize. Programu ya kusaga sauti ina ulafi wa kutisha. Unaipa sauti yoyote, ya filimbi, ya mlango, ya mtu, nayo inaikatakata vipande vidogo ambavyo sikio haliwezi kuvihesabu, kisha inavirusha upya kama mpepetaji anavyorusha mchele kwenye ungo, mpaka sauti uliyoizoea inageuka ukungu, au mvua, au kwaya ya watu wasiokuwepo. Kazi hiyo huielemea kompyuta yoyote. Feni hulia, mita ya mzigo hupanda, na mara nyingine muziki wote hukwama. Hii mpya ilikuwa imetoka wiki ileile, na nusu ya wanamuziki wa Detroit walikuwa wanaizungumzia. Jina waliloipa lilikuwa na maana ya chenga, nasi tuiite hivyohivyo, Chenga. Ilikuwa imefunguliwa, inasaga, na mita imelala kwenye sifuri.

"Sifuri," alisema Jarvis, akaigonga skrini kwa ukucha. "We Odell, unaiona hii, au macho yangu yamezeeka?"

"Naiona. Wameandika programu safi. Wewe hujazoea vitu safi, ndiyo shida yako."

"Safi wapi? Kazi inafanyika, si ninaisikia? Sasa kama kompyuta haifanyi, anafanya nani?"

Odell Pruitt alicheka. Walikuwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ambayo mama yake aliwaachia yeye na dada yake, upande wa magharibi wa mji, tanuru la kupasha joto likinguruma nyuma ya ukuta wa mbao na theluji ikiziba kidirisha. Hapo ndipo Odell alipotengenezea muziki wake. Jarvis alikuwa mpiga ngoma, na pia alikuwa na kazi ya kuvijaribu vyombo vipya mbele ya kamera na kuwaambia wenzake kama vinafaa. Hakuna kitu alichowahi kukipenda siku ya kwanza.

Walikuwa wameshailisha Chenga mluzi, mngurumo wa tanuru, na hata ndevu za Jarvis zikikwaruzwa.

"Tamu," Jarvis alikubali, "ila haina chumvi. Ile yangu ya zamani inauma kidogo."

"Ile yako inasaga kama mashine ya mahindi! Sikiliza hapa sauti inavyoishia. Unaona mshono?"

"Sioni. Na hilo pia silipendi." Akasogeza uso karibu na skrini. "Halafu angalia. Kitufe cha kugandisha sauti kipo. Cha kuachia kiko wapi?"

Odell alitafuta, hakukiona. "Toleo la kwanza bwana. Watarekebisha."

Hapo ndipo Renita aliposhuka ngazi na sahani mbili za makaroni ya jibini. Renita alikuwa dada mkubwa wa Odell. Aliishi orofa ya juu na bintiye Naomi, mtoto wa miaka sita, na alikuwa na sauti ambayo watu waliiita kwenye harusi zao na kwenye mazishi yao. Sauti hiyo ndiyo iliyolisha nyumba ile. Muziki wa Odell ulikuwa bado unaahidi tu.

"Dada, tuazime koo kidogo," alisema Odell. "Dakika moja, haki ya Mungu."

"Dakika yako naijua, ilianza mwaka jana na haijaisha." Lakini alisimama mbele ya maikrofoni, akanyoosha shingo, akaanza mazoezi yake ya kulainisha sauti. Ma, me, mi, mo, mu. Odell alisubiri, na midomo ya Renita ilipofumba kuanza tena, kabla irabu haijafunguka, akabonyeza Gandisha.

Mmmmmm.

Sauti ile ilijaa chumba kutoka sakafuni. Ilikuwa ya Renita, na ilikuwa zaidi ya Renita, pana, yenye joto, bila mwanzo wala mwisho. Jarvis mwenyewe alibaki na uma hewani. Renita alikohoa, akashika koo.

"Nimehisi kama mtu amenichomoa uzi," alisema. "Na nani anachoma nywele humu?"

Kweli kulikuwa na harufu ya kitana cha moto kikipita kwenye nywele mbichi, ile ya jikoni Jumamosi jioni. Hakuna aliyekuwa akinyoosha nywele.

Asubuhi yake Renita alisimama chini ya ngazi kumwita mtoto aende shule, na Odell, aliyekuwa akimimina kahawa, akamsikia akiita, "Nao-i!"

Akaita tena. "Nao-i!" Jina lilikuwa na tundu katikati. Renita alimgeukia mdogo wake, macho yamemtoka.

"Odell. Kuna kitu ki-etoka kooni. Sina -aumivu. Siu-wi chochote. Ila siwezi ku-wita -toto wangu."

Alijaribu mbele ya kioo. Midomo ilifumba vizuri, ikafunguka vizuri, na kati yake hapakutoka kitu. Daktari alimpitishia kamera kooni, akasema koo ni safi kabisa, apumzike. Harusi ya Jumamosi ikaenda kwa mwimbaji mwingine, na iliyofuata pia.

Na Odell? Hapa ndipo ninapokasirika naye. Alijua. Hakujua kwa maneno, lakini alijua vile mtu anavyojua kuwa ameacha jiko linawaka. Na kila siku akashuka, akafungua Chenga, akazidi kujenga wimbo juu ya ile sauti iliyogandishwa, kwa sababu ulikuwa wimbo mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alijiambia akiumaliza ataifuta. Juu, Renita alikuwa akikonda. Alipanda ngazi akipumzika katikati kama bibi kizee.

Jarvis ndiye aliyekuja adhuhuri moja, akamkuta Renita amelala kwenye kochi anahema mbiombio, na kutoka chini wimbo unasikika. Alisikiliza wimbo, akakitazama kifua cha Renita. Kisha akaenda mlango wa ngazi.

"Odell! Ifunge hiyo programu!"

Wimbo ukakatika. Pumzi ya Renita ikatulia, kifua kikashuka taratibu.

"Ifungue."

Mmmmmm, ikaja kutoka chini, na Renita akaanza kuhema, macho yamefumba, vidole vimeng'ang'ania mto.

"Funga! Funga bwana!" Jarvis alishuka ngazi mbilimbili. Alipofika chini hakupiga kelele, alinong'ona. "Niliuliza kazi inafanywa na nani. Haya, umepata jibu. Dada yako ndiye anayesaga."

Odell aliifuta Chenga. Akalifuta faili la sauti, akaufuta na wimbo, akazima kompyuta, akachomoa waya za spika kutoka ukutani. Jarvis aliziinua waya zote mbili akazitazama ncha zake, akaziweka sakafuni. Aliondoka akiwa hajagusa sahani wala kiti.

Jioni ile Renita alikuwa amelala kwenye kochi, na Odell aliachiwa mtoto amwangalie. Alikuwa akikoroga sufuria ya maharage jikoni, nje kumeshaingia giza la saa kumi na moja la majira ya baridi na gari la kusukuma theluji likipita, alipoinusa tena ile harufu ya nywele zinazochomwa, hafifu kwanza, kisha nzito, ikipanda kutoka chini ya mlango wa ngazi, na pamoja na harufu ukaja mvumo aliodhani ni tanuru, kisha akatambua kuwa tanuru lilikuwa limezimika tangu alipoanza kupika, na mvumo ule ukafumba, ukafunguka, ukatafuta irabu yake kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma ubaoni, ma, me, mi, ukazipata moja baada ya nyingine, mpaka kutoka kwenye spika zisizo na umeme, kwa sauti ya dada yake iliyotimia bila tundu lolote, ukaita, "Naomi."

"Abee mama!" akaitika Naomi kutoka sebuleni.

Kijiko kilianguka. Odell alipofika koridoni mlango wa ngazi ulikuwa wazi na mtoto ameshashuka vidato viwili, mkono mmoja kwenye ukuta, soksi zake za rangi ya waridi zikitafuta kidato cha tatu gizani. Alimnyakua kwa kiuno.

"Mama ananiita chini," alinong'ona Naomi.

"Mama yuko kochini. Umemwona mwenyewe, kalala."

"Sasa aliyeniita nani?"

Odell alimtua koridoni. Alifunga mlango kwa ufunguo, akaburuta kabati la viatu mpaka likauziba. Renita alipoamka, Odell hakumwambia kitu. Alijua dada yake angembeba mtoto usiku huohuo na asimwachie tena, na haki angekuwa nayo.

Kesho yake aliwapeleka wote kwa Mama Earline.

Mama Earline Stokes aliongoza kwaya ya kanisa dogo la matofali, lile lililowahi kuwa duka la viatu. Odell na Renita walilelewa kwenye viti vyake. Magoti yalikuwa yamemwisha lakini ulimi ulikuwa mzima. Aliwasikiliza akiwa amekaa, waimbaji wake wakivua makoti kwa ajili ya mazoezi. Kisha akamwambia Renita aseme jina la mtoto.

"Nao-i."

Mama Earline alifumba macho. "Marehemu bibi yangu alinisimulia kitu hiki. Wakati wake hakikuhitaji kompyuta. Kinaishi kwenye nafasi, mwanangu. Pale unapovuta pumzi, pale neno moja linapoisha na lingine halijaanza, hapo ndipo kinapoingiza kisu." Akamtazama Odell. "Na wewe ukakipa nyumba ambayo kazi yake yote ni kukata."

"Sikujua, Mama."

"Siku ya kwanza hukujua. Siku ya pili je?" Hakungoja jibu. "Tutakinyima nafasi. Lakini kwanza niambie kweli, maana hili ndilo kubwa. Kimeita mtu?"

"Kiliita."

"Kuna aliyekiitikia? Anayekiitikia amekifungulia mlango, na mlango huo mimi siwezi kuufunga kutoka nje. Lazima nijue nianzie wapi."

Renita alikuwa amemkazia macho. Naomi alikuwa ameketi kati ya wanawake wa sauti ya pili, anapaka rangi picha ya bata. Ilikuwa rahisi mno kumtaja.

"Hapana," alisema Odell. "Hakuna aliyeitika."

Wakamzunguka Renita. Mama Earline alianza, midomo imefumba, ule mvumo wa wazee usio na maneno, ambao waliuimba kabla kanisa halijawa na kinanda wala vitabu. Wengine wakaingia. Kila mwimbaji wa kwaya anaujua ujanja huu: usivute pumzi pamoja na jirani yako. Akivuta yeye, shikilia wewe. Akirudi, nawe chukua yako. Watu wakifanya hivyo kwa uangalifu, sauti haina pumzi, haina ufa, inakwenda kama mto.

Mmmmmm.

Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa kanisa, madirisha yakatetemeka kwenye fremu zake, na kitu kikazunguka nje ya duara lao, kikigonga mgongo wa huyu na bega la yule, kikitafuta mahali pa kuingiza kisu, kikirudi pale pale na kukuta jirani ameshapaziba, nao wakashikilia, jasho likiwatiririka katikati ya baridi ile, mpaka Renita aliyesimama katikati akifungua na kufumba midomo kimya kama samaki, akatikisika mwili mzima, na kutoka kifuani mwake ikaja sauti ndogo, ya kukwaruza, yake mwenyewe.

Mmm.

Alipiga magoti. Watu walikuwa wanalia. Odell alilia kuliko wote. Harufu ikapungua, ikaisha, pakabaki harufu ya makoti mabichi. Mama Earline aliinua mkono, akakunja ngumi, ishara ya kunyamaza ambayo kwaya yake iliijua. Wakanyamaza wote kwa mara moja.

Uzi mmoja wa sauti ukabaki.

Ulikuwa mwembamba, mzuri. Kila mmoja alimtazama jirani yake, akidhani ni mwenzake aliyechelewa kuona ngumi. Kwa furaha aliyokuwa nayo, Renita hakuusikia. Alifungua mikono, akaita, "Naomi! Naomi mwanangu, mtoto wangu mzuri, njoo kwa mama!" na kila herufi ilikuwa mahali pake.

Naomi aliinua uso kutoka kwenye picha ya bata. Midomo yake ilikuwa imefumba. Odell alikitazama kifua chake, chini ya sweta, akingoja kipande na kishuke kwa pumzi. Alingoja sana.

"Abee mama," alisema Naomi, na alipokuwa akisema, mvumo haukukatika.

Mama Earline hakumtazama mtoto. Alimgeukia Odell, uso umemzeeka ghafla.

"Nilikuuliza," alisema.