Picha Kumi na Tisa za Mgongo Wangu

"Elfu tisini, fundi? Nikulipe elfu tisini kwa picha za mgongo wako?"

Yule mama alizimwaga picha zote juu ya meza yangu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa mlangoni, na mimi damu ilishanipanda. Ufundi huu sikuusomea. Nimejifunza kwa kufungua na kufunga, na sijamdhulumu mtu hata skrubu moja. Kamera ya marehemu mumewe aliileta inang'aa kama mpya, ila imekwama, na mkanda wa picha ungali ndani tangu mzee afariki, miaka kumi na miwili. Alitaka ifanye kazi tena, na picha za mwisho za mzee zisafishwe. Nilifanya yote. Mkanda niliutoa gizani, nikausafisha mwenyewe. Sikupiga hata picha moja.

"Umeubadilisha," akasema. "Za mume wangu umezipeleka wapi?"

"Mama, tazama vizuri kabla hujaniita mwizi."

Nikamsogezea moja. Mgongo wangu, kweli, nimeinama kazini. Kidole gumba kina bandeji: nilijikata Jumanne iliyopita, nikiifungua kamera hiyohiyo. Na mezani, mbele yangu, kamera yenyewe. Vipande vipande. Lenzi huku, springi kule.

"Haya, aliyepiga alitumia nini?"

Akaisogeza picha karibu na macho. Halafu, sauti imeshuka: "Unaishi na nani humu?"

"Peke yangu. Mwaka wa saba huu. Hata panya walishahama."

Hakucheka. Alikuwa ameshika picha ya mwisho. Nimelala chumba cha nyuma, mdomo wazi. Mkono wa mtu unanivutia blanketi mpaka shingoni. Hauna kidole cha mwisho.

Hiyo sikuwahi kuiona. Nilisafisha kumi na tisa. Nilizihesabu; hii ilikuwa ya ishirini.

"Msumeno ulimkata," akanong'ona. "Alikuwa seremala. Na mimi alinifunika hivyohivyo, kila siku."

Akaniangalia. Nilitegemea woga machoni mwake, nikaona wivu. Akatoka bila kuaga. Kamera akaiacha.

Miezi miwili sasa. Simu hapokei. Nyumbani kwake nabisha, namsikia ndani, hafungui.

Blanketi nililifungia kabatini. Ufunguo naulalia. Nikiamka, limenifika shingoni, limenyooshwa vizuri. Juu yake kuna unga wa mbao. Mbichi, unanukia. Humu hakuna mbao; hata meza yangu ni ya chuma.

Juzi niliamka mapema. Sehemu ya godoro iliyo kando yangu ilikuwa imebonyea. Ilikuwa bado na joto.

Na kibaya zaidi, nimeanza kulala vizuri.

Mama, najua utayasoma haya. Zile elfu tisini nimekusamehe. Ninachokudai ni kimoja.

Njoo umchukue mumeo.