Chumvi Mara Mbili

Kibandiko kilichokuwa begani mwa Nyamizi kilisoma jasho lake, kikaitambua arosto, ile hamu kali ya sigara, kabla yeye mwenyewe hajaihisi, kikaachia chembe ya nikotini kupitia kwenye ngozi. Hakuna moshi, hakuna kikohozi. Kiliitwa kibandiko-tambuzi, na katika Tabora ya wakati huo vijana wengi walioanza kuvuta sigara shuleni walikivaa. Kilipunguza dozi chenyewe, polepole, kama mama anayemwachisha mtoto ziwa.

Nyamizi, binti wa miaka kumi na sita, alitakiwa kukivua siku hiyo, na alikuwa na hofu kubwa. Alikwishajaribu kuacha sigara kwa nguvu zake, akashindwa, akarudi kulekule. Alikusudia kumwomba Dokta Milembe, mhandisi aliyekibuni, amwongezee mwezi mmoja tu.

Hakwenda mikono mitupu. Tangu aache moshi ulimi wake ulikuwa umeamka, na jikoni alikuwa hatoki, basi akampikia dokta kisamvu cha karanga. Bibi yake, asiyeamini mapishi ya watoto wa siku hizi, alipita nyuma yake akaongeza chumvi bila kusema.

Pale kliniki Milembe alikula kijiko cha kwanza, akala cha pili, akasifu. Nyamizi naye akaonja. Nusura ateme.

"Dokta, mbona unakula? Hii ni chumvi tupu."

Milembe akaweka kijiko chini. Alieleza kwa utulivu kwamba vibandiko vya mwanzo viliwekwa chini ya ulimi, vilikuwa vikali mno, na ndivyo vilivyoua ladha kinywani mwake.

"Ilibidi mtu avijaribu," alisema. "Nisingeweza kuwawekea watoto wa watu kitu nisichokijua."

"Hata sukari huisikii?"

"Hata sukari. Lakini nimefurahi kupikiwa, mwanangu. Hebu nionjee wewe, uniambie kikoje."

Nyamizi akaonja tena, taratibu, akamweleza: chumvi inatangulia, halafu karanga, halafu uchungu kidogo wa majani, na mwisho kitunguu kinabaki. Milembe alisikiliza amefumba macho, akitabasamu.

Walipomaliza, Nyamizi hakuuomba ule mwezi; alipandisha mkono wa gauni, akakibandua kibandiko mwenyewe, akakiweka mezani.

"Wiki ijayo naleta samaki, dokta," alisema. "Nitakuonjea."