Kabla ya Kushika Funguo

Siku ya ofa ndiyo siku ambayo muuza magari hutamani angesomea kitu kingine, hata ufundi bomba. Maputo kila nguzo, muziki unagonga masikio, na watu wanaingia makundi kwa makundi kufungua milango ya magari wasiyo na nia ya kuyanunua. Muda wote huo muuzaji anatakiwa atabasamu. Yule dada ambaye wenzake walimwita Bei Moja alikuwa ametabasamu tangu asubuhi hadi mashavu yakamuuma. Alivaa suti ya buluu iliyonyooka kwa pasi, na viatu virefu alivyovichukia kimoyomoyo.

Jina hilo lilitokana na jibu lake kwa wanaobembeleza kupunguziwa: "Bei ni moja, kaka." Alilisema kwa upole na kwa macho makavu, na wengi walimwamini.

Mchana ukumbi ulipofurika, akaingia mwanamume mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Akalizunguka gari jekundu lililowekwa katikati, akainama kwenye kioo cha mbele palipobandikwa bei, kisha akafunga mlango taratibu kwa kiganja. Bei Moja akamsogelea, akamkaribisha. Mgeni akajibu kwamba anatazama tu.

"Tazama kwa raha zako," Bei Moja akasema. "Ila niambie, unauzia duka gani?"

Yule bwana akacheka mpaka mabega yakacheza. "Ng'ambo ya barabara. Nimejulikanaje?"

"Mteja husoma tarakimu kubwa. Wewe umeanzia maandishi madogo ya chini."

Alikuwa ametumwa na meneja wake kuja kupeleleza bei za jirani, na kumbe amenaswa kabla hajavuta hata kiti. Kazini kwake walimwita Punguzo, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Badala ya kumfukuza, Bei Moja alimpa maji ya kunywa, maana alimwona anavyohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Akamuuliza kama miguu inamuuma. Punguzo akasema haiumi, inawaka moto. Wakatazamana kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya daktari mmoja.

Basi mapenzi yao yakaanzia kwenye uchovu. Wengine hupelekana dansi; hawa walitafuta mahali penye viti. Jioni walikaa kwenye mkahawa mdogo nyuma ya benki, wamevua viatu chini ya meza, wakisimuliana vituko vya wateja. Saa ya chakula cha mchana simu ya Bei Moja ililia kila siku, na sauti ya upande wa pili ilikuwa ya Punguzo, ameifanya nzito kama ya mtangazaji.

"Mama, nina gari moja hapa, limetumika. Limetembea kilomita nyingi lakini injini bado nzima."

"Limewahi kugongwa?"

"Limegongwa moyo mara mbili. Tumenyoosha."

"Basi lipake rangi kwanza, mpenzi, ndipo uniletee," alijibu, akajikuta anacheka peke yake mbele ya wateja.

Lakini lipo jambo moja ambalo Bei Moja hakulisema. Mama yake alipatwa na kiharusi zamani kidogo, upande mmoja ukafa, na tangu hapo alikaa na binti yake. Alinyanyuliwa kitandani, akaogeshwa, akalishwa. Kilichobaki kizima kabisa ni ulimi. Mchana alishinda na shangazi, na jioni shangazi akitaka kwenda kwake, Bei Moja ilibidi awe amefika. Punguzo alipouliza kwa nini kila siku anakimbilia nyumbani, aliambiwa ni uchovu. Uongo haukuwepo hapo, lakini ukweli nao haukuwepo wote.

Alikuwa na sababu. Mchumba wa kwanza alimwona mama, akaaga kwamba anakwenda kununua matunda, na matunda hayo hadi leo hayajafika. Wa pili alishauri mama apelekwe kwa ndugu wengine. Baada ya hao, Bei Moja akaamua kufanya kama afanyavyo kazini. Dukani, bei iliyo kwenye kioo si bei ya kutoka na gari. Kuna usajili, namba, bima, na kitu kinachoitwa gharama za maandalizi ambacho hakuna ajuaye kinaandaa nini. Hayo hayatajwi mwanzoni. Mteja kwanza aketi kwenye usukani, anuse viti vipya, apewe funguo azishike, ajione yuko barabarani na jirani anamtazama. Akishalipenda, ndipo unamtolea hayo mengine mojamoja, kwa sababu aliyeshika funguo huona aibu kuzirudisha. Na yeye akajiambia: anipende kwanza, mama nitamtaja baadaye.

Baadaye ikafika Jumapili moja. Punguzo alimwita bila kumwambia kuna nini, akamwongoza kwenye jengo jipya lisilo na lifti. Wakapanda ngazi, ghorofa juu ya ghorofa, yeye akiruka mbili mbili kama mtoto. Juu kabisa akafungua mlango wa vyumba viwili vilivyonukia rangi mbichi. Dirisha lilitazama mapaa ya mji mzima.

"Nimeshalipia," akasema, akimtia funguo kiganjani. "Mwenye nyumba aliniuliza tutakaa wangapi, nikamwambia wawili, Mungu akijalia tutaongezeka. Nataka tuoane, mpenzi. Nimechoka kukuaga kila jioni."

Bei Moja hakulitazama dirisha. Alikuwa bado anaziwaza zile ngazi. Akakaa chini sakafuni na suruali yake nyeupe, akasema yote: mama, kiharusi, shangazi, na kwamba hataweza kumwacha wala kumpandisha huku.

Punguzo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

Bei Moja akapangusa vumbi kwenye suruali yake.

"Ulingoja nishike funguo," Punguzo akasema. "Mimi hiyo kazi naifanya kila siku. Najua ukurasa uliokuwa unausoma."

"Niliogopa utaondoka."

"Ningeondoka au nisingeondoka, hayo yangekuwa yangu. Hukunipa nafasi ya kuamua. Umeniuzia." Akazichukua funguo kiganjani mwake, polepole, akateremka. Bei Moja alizisikia hatua zake mpaka chini.

Wiki zikapita, simu ya mchana haikulia. Ng'ambo ya barabara alimwona akifungua milango ya magari kwa watu wengine, shati jeupe lilelile, na hakugeuka. Kilichomuumiza Bei Moja zaidi ni kwamba alimwona ana haki. Kazini akaharibikiwa. Mume na mke walikuja kununua gari la kwanza maishani mwao, na kabla hawajafungua mlango akawatajia kila kitu, hadi zile gharama za maandalizi. Wakashukuru, wakaondoka. Meneja alimuuliza kama anaumwa. Akasema amechoka, na safari hii ilikuwa kweli tupu.

Nyumbani mama alimtazama anavyochezea chakula. "Mwanamume yupi?" akauliza. Binti akakana, mama akasema mwili wake ndio uliopooza, macho bado yapo. Ikabidi aambiwe. Alipomaliza kusikia akasema: "Kwa hiyo umenificha mimi kama kasoro ya gari. Mficha uchi hazai, mwanangu." Hakusema kwa hasira, na hilo lilimliza Bei Moja kuliko matusi.

Kesho yake, saa ya chakula, yeye ndiye aliyepiga simu.

"Usikate. Nisikilize kama mteja aliyeingia sasa hivi," akasema. "Mama yangu hatembei na hatatembea. Ananyanyuliwa. Usiku anaita. Ana maneno makali. Sitampeleka kwa mtu mpaka Mungu amchukue, na namwombea achelewe. Hakuna la kupunguza. Samahani kwamba sikusema siku ya kwanza."

"Kuna kingine?"

"Nakupenda."

"Nimesikia," Punguzo akasema, na simu ikakatika.

Kila muuza magari anajua maana ya "nimesikia". Ni ndugu yake "nitafikiria", na anayefikiria harudi. Bei Moja akajipangusa uso, akarudi ukumbini, akatabasamu.

Jumamosi jioni mlango wa nyumbani ukabishwa. Punguzo, aliyeelekezwa nyumbani na wenzake Bei Moja wa dukani, alisimama kizingitini na fulana kuukuu, amekonda kidogo, mikono mitupu. Hakumkumbatia.

"Nimekuja nifundishwe," akasema. "Sitaki kuahidi kitu nisichokijaribu. Nikishindwa, nitasema hapahapa."

Bei Moja akampeleka chumbani. Akamwonyesha: goti moja kitandani, mkono huu chini ya kwapa, ule chini ya mapaja, usimvute bega la kushoto, mwambie kabla hujamgusa. Mama alikuwa anatazama dari kama anayepimwa na fundi nguo.

"Mama, nakunyanyua," Punguzo akasema.

Mara ya kwanza alimshika vibaya, mama akagumia, akamwambia yeye si gunia. Akamrudisha, akaomba radhi, akaanza upya. Mara ya pili mama alinyanyuka, mwepesi kuliko alivyodhani, akatua kitini bila kupiga kelele. Punguzo akabaki amepiga magoti mbele yake, jasho likimtiririka shingoni.

"Wale wenzio walikuwa na maneno mengi," mama akasema. "Wewe unataka nini?"

"Namwomba binti yako."

"Na mimi?"

"Na wewe, mama. Nawaomba wote wawili. Ile nyumba ya juu nimeirudisha, natafuta ya chini."

Bei Moja alisubiri jibu kali, maana alimjua mama yake. Halikuja. Mdomo ule ambao haukuwahi kushindwa na mtu ulitetemeka, ukafumbwa. Mama akainua mkono wake mzima, akamwekea Punguzo kichwani, akauacha hapo.