Nta Kwenye Dashibodi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zuwena alifungua gari la baba yake, akafuta dashibodi kwa kitambaa chenye maji kidogo, akashusha kioo upana wa kidole ili joto lipate pa kutokea, kisha akatandaza shuka la bluu juu ya dashibodi. Lilikuwa Korola kuukuu, limeegeshwa uani kwao Ng'ambo, mahali pasipo na kivuli. Baba yake, Mzee Sabiri, alilitumia kubeba abiria wa Puge siku za mnada. Sasa alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete, wiki ya tano.

"Jua la Oktoba halina huruma na plastiki," alimwambia siku anaondoka. "Nitunzie, mwanangu. Nikirudi nipande niendeshe."

Ilikuwa kazi ya dakika tano tu, lakini uvivu haukosi sababu. Zuwena alilichukua lile shuka akalifanya vazi la ngoma shuleni, kisha akalisahau nyumbani kwa rafiki yake Najiat. Wiki mbili zikapita hata mlango wa gari hajaugusa. Jumamosi moja alipoufungua, hewa ya moto ilimpiga usoni, na juu ya dashibodi akaona ufa mwembamba, urefu wa kidole.

Angemwambia mama, lakini mama alirudi kutoka hospitalini kila jioni macho mekundu, hasemi na mtu. Basi Zuwena akaingia jikoni, akamega nta ya masega ya asali, akaikanda, akauziba ufa, kisha akapaka mafuta ya alizeti juu yake. Dashibodi iking'aa hivyo, nani angejua? Akafunga mlango, na kwa woga hakuufungua tena.

Baba alirudi Jumatano. Alishuka kwenye bajaji kwa magongo, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Zuwena hakuwa ameambiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke kwenye gari langu."

Mlango ulipofunguliwa, Zuwena alitamani ardhi immeze. Nta ilikuwa imeyeyuka, ikachuruzika mpaka ndani ya redio. Mafuta yalikuwa yamenasa vumbi. Ufa nao ulikuwa umetambaa dashibodi nzima.

"Ni mimi, baba," alisema, akaeleza yote huku akilia.

Baba hakumgombeza. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akatazama klachi ambayo hakuwa tena na mguu wa kuikanyagia.

"Mimi nilikuwa na kidonda kidoleni," alisema taratibu. "Kidogo kama punje ya mtama. Nami nina sukari, najua hatari yake. Nikapaka asali, nikavaa soksi, nikawaambia nimepona. Niliogopa mama yako atanikataza safari. Nilipokwenda kwa madaktari, walibaki na dawa moja tu, msumeno."

Kesho yake alikuja fundi Masolwa. Aliikwangua nta, akaosha mafuta kwa sabuni, akatoboa kitundu kwenye ncha ya ufa usiendelee, akajaza gundi, akapiga msasa na rangi nyeusi.

"Ungeniita siku ya kwanza, lisingebaki hata kovu," alimwambia Zuwena. "Na mafuta ya kupikia usipake tena. Hayo ni ya sufuria."

Kovu lilibaki, refu, na kila aliyefungua mlango aliliona. Baba alilipitishia kidole.

"Kitu kikiharibika, Zuwena, kionyeshe kikiwa bado kidogo. Utagombezwa, ndiyo, lakini kugombezwa kunaisha siku hiyohiyo."

Kisha akavua kiatu chake kimoja, akainua mguu wa kulia.

"Haya, kagua na huu uliobaki. Kila asubuhi, kabla ya kutandaza shuka."

Zuwena alifuta machozi, akapiga magoti, akaanza kukagua kidole kimoja kimoja.